Mashine ya Kupumulia: Tuifahamu Kabla ya Kuiogopa

Kuna maneno ambayo sisi wauguzi tumezoea kuyasikia katika wodi ya watoto. "Sista, kama ni kumwekea ile mipira ya puani, basi nipe mwanangu nirudi naye Sibwesa." Mama anayesema hivyo si mjinga, wala si kwamba hampendi mtoto wake. Alimwona mtoto wa jirani akiwekewa oksijeni jioni, na asubuhi akafunikwa shuka. Akayaunganisha mambo hayo mawili, akasema moyoni: mpira ndio uliomuua. Akirudi kijijini anawasimulia wenzake kisimani, nao wanawasimulia wengine, mpaka habari inafika Ikola kabla ya mtoto mwingine kuanza hata kukohoa.

Wasomaji wapenzi, mwezi huu tumeona tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu tumeona watoto wakiondolewa wodini usiku kwa hofu hiyo, na tumeona wazee wakikataliwa rufaa na watoto wao wenyewe kwa maneno hayo hayo: "Huko watamtia kwenye mashine, na akitiwa kwenye mashine harudi." Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, jina la mashine ya kupumulia limekuwa likitajwa redioni na sokoni. Lakini walioeleza ni kitu gani, kinafanya kazi gani na kinaanzia wapi walikuwa wachache.

Tuanze na lile la mtoto wa jirani. Mtu akiona watu wanakimbia na ndoo za maji kila nyumba inapoungua, anaweza kudhani ndoo ndizo zinazochoma nyumba. Oksijeni huwekewa mtu ambaye tayari hali yake ni mbaya. Na huku kwetu, mara nyingi huwekewa mtu aliyekaa nyumbani siku nne, akapelekwa kwanza kwa mkata kimeo, kisha duka la dawa, kisha zahanati, ndipo akafika hospitali akiwa hana nguvu hata ya kulia. Katika hao wapo wanaokufa huku mpira ukiwa puani. Wamekufa kwa nimonia, na oksijeni iliwakuta njiani.

Pumzi ikichoka

Hewa tunayovuta ina oksijeni kama sehemu 21 katika kila sehemu 100. Inapita puani, inashuka kooni, inaingia katika mapafu ambayo ndani yake ni kama sponji: vijifuko vidogo sana visivyohesabika. Katika vijifuko hivyo damu huchukua oksijeni na kuacha hewa chafu. Nimonia ikiingia, vijifuko hujaa maji na usaha. Damu inapita, lakini haikuti kitu cha kuchukua.

Mtoto hujaribu kufidia. Anapumua haraka haraka. Pua zinatanuka. Chini ya mbavu kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, jambo ambalo kina mama wengi wameliona bila kujua jina lake. Mtoto huyo anafanya kazi kama mtu anayepanda mlima mbio usiku kucha bila kuketi. Hawezi kunyonya, maana kunyonya na kupumua kwa pamoja kumemshinda.

Sasa hapa tunaomba kila mama asome taratibu. Ikifika saa fulani misuli ya kifua huchoka. Ile haraka ya kupumua hupungua, kifua hutulia, mtoto analegea na kunyamaza. Bibi aliyekesha naye anasema, "Ahsante Mungu, amepata nafuu, amelala." Hajalala. Nguvu zimemwisha. Mtoto aliyekuwa akihangaika kupumua, kisha akanyamaza ghafla, hanyonyi, hashtuki ukimwita, midomo imegeuka rangi ya kijivu au samawati, huyo yuko karibu na kifo kuliko alivyokuwa saa mbili zilizopita. Hata usiku wa manane abebwe, asingojewe kukuche.

Kwa hiyo ni afadhali kumjua mapema, akiwa bado ana nguvu za kuhangaika. Mama anaweza kuhesabu pumzi za mtoto mwenyewe, kwa saa ya mkononi au ya simu. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue kifua, uhesabu kila kinapoinuka kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha 60 au zaidi, ni haraka mno. Wa miezi 2 hadi asiyefikisha mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi asiyefikisha miaka 5, 40 au zaidi. Akifika hapo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama homa si kali. Na kama kifua kinabonyea, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, hilo ni la hospitali.

Mpira wa puani ni nini hasa

Kinachowekwa puani ni kijibomba laini chenye matundu mawili. Hakina dawa ya kulevya, hakina umeme, hakinyonyi kitu kutoka kwa mtoto. Kinampelekea hewa yenye oksijeni nyingi kuliko ile ya kawaida, ili vile vijifuko vichache vilivyobaki vizima vipate cha kutosha. Oksijeni hiyo hutoka kwenye mtungi mkubwa wa chuma, au kwenye mashine ndogo inayochuja hewa ya chumbani na kuitoa oksijeni. Mashine hiyo inategemea umeme. Umeme ukikatika, inategemea jenereta, na jenereta inategemea mafuta. Wanaokaa Katavi wanajua tunasema nini.

Tunajuaje kwamba mtoto anaihitaji? Kuna kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni, kinatoa mwanga mwekundu na kuonyesha namba. Hakichomi wala hakitoi damu. Kwa mtu mzima wa afya namba huwa 95 na kuendelea. Ikishuka chini ya 90 anahitaji oksijeni. Mama usiogope kuuliza, "Sista, namba yake ni ngapi?" Ni haki yako, na sisi tukiulizwa tunakuwa makini zaidi.

Oksijeni ni dawa, na kama dawa zote ina kipimo chake. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, oksijeni ikizidi kwa muda mrefu inaweza kuharibu macho. Ndiyo sababu utatuona tunapunguza na kuongeza, tukisoma ile namba. Tukipunguza si kwamba tumekata tamaa. Mara nyingi maana yake mtoto anaendelea vizuri. Jambo jingine ambalo ndugu husahau: oksijeni huukoleza moto. Mshumaa, kibatari, sigara au jiko la mkaa visisogezwe karibu na kitanda chenye mtungi.

Yupo mtoto ambaye mpira wa puani haumtoshi, hasa njiti ambaye mapafu yake bado hayajakomaa na hujikunja kama puto lililotolewa upepo. Huyu hospitali nyingine humwekea bomba linalosukuma hewa puani mfululizo, na ncha ya pili ya bomba hilo imezamishwa katika chupa ya maji. Maji yanatokota mapovu kila saa. Kina mama huogopa ile chupa, wakidhani ni maji ya mtoto yanatoka. Hapana. Maji yale yanazuia hewa isitoke yote, ili mapafu yabaki wazi kidogo hata mtoto akitoa pumzi. Kifaa rahisi tu, kimeokoa wengi.

Mikono kabla ya umeme

Wengi hudhani mashine ya kupumulia ni jambo la Dar es Salaam na Ulaya. Kimsingi, kumpumulia mtu hakuhitaji umeme. Katika chumba cha kujifungulia pana mfuko wa mpira wenye barakoa ndogo, ambao sisi tunauita ambu. Mtoto akizaliwa hapumui, tunamkausha, tunamsugua mgongo, na kama bado, tunamfunika pua na mdomo kwa barakoa ile na kuubinya mfuko, mara kama 40 kwa dakika. Yote hayo yaanze kabla ya dakika ya kwanza ya maisha yake kwisha. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yalianza kutolewa hapa Tanzania mwaka 2009 katika hospitali nane. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza katika hospitali hizo vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Kwa mfuko wa mpira na mikono ya mkunga. Kuna mtoto anayesoma darasa la tano leo ambaye mama yake hajui kwamba dakika yake ya kwanza hapa duniani mkunga alimpumulia kwa mkono.

Na hata mashine kubwa ilizaliwa kutokana na mikono. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na ugonjwa wa polio, ambao kwa wengi ulipooza misuli ya kupumua. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na vifaa vichache mno. Katika wiki tatu za kwanza wagonjwa 31 waliwekewa vifaa vya wakati ule, na 27 wakafa. Mwezi Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alimhudumia msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho: koo likatobolewa, bomba likaingizwa, naye akaunganisha mfuko na kuanza kuubinya kwa mkono. Msichana akaishi. Lakini nani angebinya mfuko usiku na mchana kwa makumi ya wagonjwa? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500, wakipokezana zamu, kila mmoja kando ya kitanda chake, kwa wiki na miezi. Wagonjwa wengi waliokuwa wamehesabiwa kufa wakapona. Huko ndiko ilikotoka fikra ya chumba cha wagonjwa mahututi, na mashine za leo zinafanya kazi ile ile ya mikono ya wanafunzi wale, bila kuchoka.

Tukitazama kwetu, pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tabibu na katekista Adrian Atiman alifika mwaka 1889 na akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hapakuwa hata na penisilini. Mtoto wa nimonia alipewa uangalizi na maombi, basi. Sisi tumekuta zaidi ya hapo.

Ndani ya chumba cha mahututi

Mashine ya kupumulia ni pampu ya hewa. Inasukuma pumzi ndani kwa kipimo alichopanga daktari: mara ngapi kwa dakika, kiasi gani, na oksijeni kiasi gani, kuanzia ile 21 ya hewa ya kawaida hadi 100. Kisha inaachia, na hewa inatoka yenyewe kwa kifua kujilegeza. Mashine haitibu nimonia, wala haitibu Korona, wala pumu. Inamshikia mgonjwa pumzi yake wakati dawa na mwili vinapigana na ugonjwa. Ni kama yule anayekupokea mzigo kichwani ili ukae upumzike. Safari bado ni yako.

Mama akiingia kumwona mumewe au mkwewe humo ndani kwa mara ya kwanza, huwa anashtuka. Bomba limeingia mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa. Mgonjwa hasemi, kwa sababu bomba linapita katikati ya nyuzi za sauti. Hii haina maana kwamba amepooza au amekuwa bubu. Mara nyingi amepewa dawa ya usingizi ili asipigane na bomba. Amewekewa mpira mwingine wa chakula, na mwingine wa mkojo. Pengine mikono imefungwa kwa kitambaa laini, na hapo ndipo ugomvi huanza: "Mmemfunga baba kama mhalifu!" Amefungwa kwa sababu mtu aliye katika usingizi nusu hulichomoa bomba, na likichomoka dakika chache zinatosha kumpoteza.

Mashine hulia mara kwa mara. Kelele hizo huwakimbiza ndugu mbio korido nzima. Mara nyingi sababu ni ndogo: mgonjwa amekohoa, makohozi yameziba, bomba limepinda. Muuguzi atakuja, atavuta makohozi kwa mpira mwembamba, sauti itanyamaza. Utaona pia kichwa cha kitanda kimeinuliwa, ili kinachotoka tumboni kisipande na kuingia mapafuni. Usikishushe eti alale vizuri. Wengine huwalaza kifudifudi kwa saa nyingi. Huo nao ni utaratibu wa kitabibu, husaidia sehemu ya nyuma ya mapafu kufunguka.

Zungumza naye. Mtaje watoto wake kwa majina, mwambie ni siku gani, omba naye kwa sauti ya chini. Wapo waliopona wakatusimulia maneno waliyoyasikia wakiwa humo, na mengine, tuseme ukweli, ni maneno ya kugawana shamba ambayo ndugu waliyasema wakidhani hasikii.

Mashine ina madhara? Ndiyo, na hatufichi. Ikisukuma hewa kwa nguvu mno huumiza mapafu. Bomba likikaa siku nyingi ni njia ya wadudu kuingia, mgonjwa akapata nimonia nyingine juu ya ile ya kwanza. Si kila anayewekewa mashine hupona. Wengi hawaponi, kwa sababu ni wale waliokuwa wagonjwa kuliko wote. Ndiyo maana daktari hakimbilii mashine. Hujaribu mpira wa puani kwanza, kisha barakoa, na kumlaza vizuri, na dawa sahihi. Anayepona kwa hatua hizo amepona kwa njia nyepesi zaidi.

Mgonjwa akianza kupata nguvu tunamwachisha mashine, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa. Tunapunguza msaada kidogo kidogo, tunatazama kama anaweza kuvuta mwenyewe kwa nusu saa, kwa saa moja. Siku nyingine anashindwa na tunarudi nyuma. Ndugu huvunjika moyo hapo, lakini mtoto gani aliyeachishwa ziwa kwa siku moja bila kulia?

Liko swali ambalo watu hutunong'oneza pembeni: je, si kweli kwamba hospitali huweza kuiacha mashine ikimpumulia maiti ili bili iongezeke? Mashine inaweza kusukuma hewa, lakini haiwezi kuupigisha moyo. Moyo ukisimama, kipimo kilichounganishwa kifuani kinaonyesha, na ndugu aliye kando ya kitanda ataona. Lipo jambo gumu zaidi, pale ubongo unapokuwa umekufa na moyo bado unadunda kwa sababu ya hewa ya mashine. Hapo madaktari hupima zaidi ya mara moja, na huketi na familia. Msikubali kuelezwa korido huku daktari anatembea. Ombeni mkae, mchague msemaji mmoja wa familia, awe na mtu wa kumsindikiza, na aulize: ugonjwa wenyewe unaendeleaje, mashine inasaidia au inachelewesha tu, na tunatazamia nini kesho. Mchungaji au padre mkimwita, aje. Hatumfukuzi. Tunachoomba ni kwamba anayeombewa asichomolewe mpira ili "imani ionekane".

Kutoka Sibwesa mpaka huko

Sibwesa ni Wilaya ya Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Mashine za kupumulia haziko zahanati wala hazitarajiwi kuwa huko. Hata bara zima zilikuwa chache: mwezi Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi 41 za Afrika kwa pamoja zilikuwa na mashine zinazofanya kazi chini ya 2,000 katika hospitali za umma. Tanzania imeongeza tangu hapo. Fedha za mkopo wa mapambano dhidi ya Korona, shilingi trilioni 1.3, ambazo mpango wake ulizinduliwa Oktoba 2021, zilijenga madarasa, na pia zilielekezwa kwenye majengo ya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni.

Lakini sisi tunaona kwamba mazungumzo ya mashine kubwa yamewasahaulisha watu kitu kidogo zaidi. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa hospitali za nchi 22 za Afrika, wenye wagonjwa karibu 20,000. Mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, wengi wao wakiwa wodi za kawaida, na kati ya wale waliopungukiwa pumzi, ni kama nusu tu waliokuwa wamewekewa oksijeni. Hawakukosa ile mashine ya bei kubwa. Walikosa mpira wa puani na mtu wa kuwapima. Tungeambiwa tuchague kimoja kwa ajili ya vijiji vyetu, tungechagua kipimo cha kidoleni katika kila zahanati, oksijeni isiyokatika katika kituo cha afya, na gari lenye mtungi uliojaa. Wenzetu wengine watabisha. Wabishe.

Mpaka hayo yatimie, njia ni ndefu, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huifanya ndefu zaidi. Kwa hiyo saa zinazopotea nyumbani ndizo ghali kuliko zote.

Zinapotelea wapi? Kwanza, kwenye kimeo. Mtoto akikohoa wiki moja, anatokea mtu wa kusema kimeo kimerefuka, kikatwe. Kile kinyama cha kooni hakisababishi nimonia. Kukikata kunaleta damu, kunaingiza wadudu, pengine pepopunda, na mtoto aliyekuwa hanyonyi kwa sababu ya pumzi sasa hanyonyi kwa sababu ya kidonda pia. Pili, kujifukiza. Mwaka 2020 karibu kila nyumba ilichemsha majani. Mtu mzima mwenye mafua akijisikia vizuri kwa mvuke hatumzuii. Lakini mtoto mchanga kufunikwa shuka juu ya sufuria ya moto, hapana. Tumewafunga bandeji watoto waliomwagikiwa maji hayo. Na mvuke hauongezi oksijeni hata chembe.

Tatu, na hili ni la kina baba na mama mkwe, ni ruhusa. Mama ameona kifua kinabonyea tangu asubuhi, lakini mume yuko shambani, au yuko ziwani kuvua, na mama mkwe anasema wangojee arudi. Tunawaomba wazee wetu kwa heshima: ruhusa itolewe sasa, mtoto akiwa mzima, kwamba siku mama akiona dalili zile asingoje mtu. Wekeni na nauli pembeni, hata katika kibubu cha kikundi cha akina mama. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga upo mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao hutuma gari au dereva wa jirani. Namba ni 115, hupigwa bure. Na matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali ni bila malipo kwa mujibu wa sera, kwa hiyo deni lisiwe sababu ya kungoja.

Njiani, mtoto abebwe wima kifuani kwa mama, si mgongoni akiwa amebanwa na kanga. Uso uwe wazi, hata kama kuna vumbi. Njiti agusane ngozi kwa ngozi na mama yake apate joto. Anayeweza kunyonya anyonyeshwe kidogo kidogo. Asiyeweza asilazimishwe, maana uji au maji yatapita kwenye mapafu. Kadi ya kliniki isisahaulike.

Na kadi hiyo iwe imejaa. Chanjo ya kuzuia nimonia imekuwa ikitolewa nchini kwa watoto wote tangu mwanzoni mwa 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bure. Moshi nao. Mkoa wetu ni wa tumbaku na kuni, na mtoto anayeshinda mgongoni kwa mama jikoni anavuta moshi ule ule. Kama huwezi kubadili jiko leo, mtoto anaweza kukaa nje ya mlango na dada yake.

Wenye pumu tuwaguse kidogo, maana nao huishia kwenye mashine bila sababu. Kuna uvumi kwamba ukianza kutumia kipulizio hutakiacha na moyo utazoea. Kipulizio hufungua njia ya hewa kwa kiasi kidogo sana cha dawa. Anayekificha kabatini akitegemea sindano ya usiku ndiye tunayempokea midomo ikiwa ya samawati.

Mgonjwa wako akirudi nyumbani baada ya mashine, usishangae mambo haya. Sauti itakwaruza kwa siku kadhaa. Miguu itakuwa kama ya mtu aliyesahau kutembea, kwa sababu misuli ilikaa bila kazi. Atashtuka usiku, ataota kengele na watu waliofunika nyuso. Mpe chakula kidogo mara nyingi, mayai, maharage, dagaa wa ziwani, uji wa karanga. Mtoe nje asubuhi akae kwenye kiti, aende mpaka mlangoni, kesho yake mpaka kwenye mwembe. Kohozi likigeuka rangi, homa ikirudi, au pumzi ikianza kukata akiwa ameketi tu, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, na ile karatasi ya kutokea wodini aende nayo.